Chiromo, Eldoret na Dari ya Sebuleni

Matokeo ya KCSE yalipotoka na binti yangu akapata A, nyumba yetu ya Syokimau ilishangilia usiku kucha. Kulipokucha, chai ikiwa bado birikani, mume wangu akasema, "Basi ni Nairobi." Binti akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe, "Au Eldoret, Baba." Vita vikaanza hapo.

Udaktari wenyewe haukuwa na ubishi. Mtoto huyu alikuwa akiwafunga bendeji kuku wa nyanyake kule Kangundo kabla hajajua kuandika jina lake, na sisi sote tulikwisha kumkubali kuwa daktari tangu siku hizo. Ubishi ulikuwa asomee wapi. Siku hizi vyuo vya umma vinavyofundisha udaktari ni vingi: kuna Kenyatta, JKUAT, Maseno, Egerton na vingine. Hata hivyo, wazazi wakikaa kulizungumza jambo hili, majina mawili hutangulia, Nairobi na Moi ya Eldoret. Na mfumo wa KUCCPS, unaowagawia wanafunzi nafasi, hautaki hadithi. Unataka mtoto azipange chaguo zake: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nafasi za udaktari hujaa upesi, na ukiiweka shule nafasi ya pili huna hakika kwamba utaikuta ikikungoja. Kwa hiyo vita vyote vya nyumba yetu vilikuwa vya mstari mmoja tu: shule gani iandikwe juu.

Mume wangu ni mhasibu, akaja na daftari. Shule ya udaktari ya Nairobi, alituambia, ilifunguliwa 1967, chuo kile kilipokuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kabla ya hapo kijana wa Kenya aliyetaka kuwa daktari bila kuvuka bahari alikwenda Makerere, Kampala, ambako udaktari ulianza kufundishwa 1924. Wazee wetu walisafiri mbali kwa sababu hawakuwa na budi. Iweje mtu apewe shule mlangoni kwake kisha aikimbie? Na kweli ni mlangoni. Stesheni ya Syokimau, iliyofunguliwa Novemba 2012, tunaifikia kwa miguu. Gari moshi la asubuhi linamtoa mtu hapa hadi mjini bila kuujua msongamano wa Mombasa Road, kisha matatu moja tu hadi Chiromo, ambako wanafunzi wa miaka ya mwanzo husoma anatomia na fiziolojia. Jioni anarudi, anakula kwao, analala kitandani pake.

Karo haikuwa na uzito katika daftari lile. Kwa makundi matano ya mfumo mpya wa ufadhili, familia ya kundi la kwanza huachiwa asilimia 5 ya gharama ya masomo na ya kundi la tano asilimia 40, iliyobaki ikiwa ufadhili wa serikali na mkopo. Kundi lako linakufuata popote uendako. Kilichokuwa na uzito ni kodi ya chumba, chakula, nauli ya kufunga na kufungua, na mablanketi. Mume wangu alikuwa amejaza safu mbili, Syokimau na Eldoret, na safu ya Eldoret ilishuka hadi chini ya ukurasa.

Shangazi mtu, dada yake mume wangu, ni muuguzi wa siku nyingi jijini, na alikuwa upande wa kakake kwa sababu zake mwenyewe. Yeye alizungumzia wagonjwa. Hospitali ya Kenyatta, ambako wanafunzi wa Nairobi hufundishwa kazi ya wodini, ilianza 1901 kama hospitali ndogo ya Waafrika yenye vitanda 40. Leo inapokea rufaa kutoka kaunti zote. "Wifi," aliniambia, "pale mwanafunzi haulizi ugonjwa fulani unafananaje. Ugonjwa unaletwa kwa machela saa nane usiku, unamwangalia usoni." Nilimwamini. Mtu aliyesimama wodini usiku mwingi kiasi kile hasemi mambo haya kwa kujifurahisha.

Binti yangu naye alikuwa na daftari lake, dogo zaidi, na alilifungua alipoulizwa tu. Shule ya Moi ilianzishwa 1989, wanafunzi wa kwanza wakaingia 1990, na iliundwa makusudi isifanane na ile ya Nairobi. Walimu wake wa mwanzo walichukua njia iliyoanzia Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, mwaka wa 1969: wanafunzi wachache wanakaa mezani na mwalimu, wanapewa kisa cha mgonjwa kwenye karatasi, mathalani mama wa miaka 30 anayehema akipanda ngazi, nao wanalazimika kuuliza, kubishana na kwenda kutafuta wenyewe sababu kabla hawajaelezwa. Kisha kuna mafunzo ya jamii, ambapo mwanafunzi hupelekwa kwenye vituo vya afya vya mashambani, akahesabu vyoo, akapima watoto uzito, akakaa na wazee. Na kuna AMPATH, ushirika wa Moi, Hospitali ya Rufaa ya Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, ulioanza 2001 wakati UKIMWI ulikuwa ukimaliza vijiji vya magharibi mwa nchi, ukajenga mtandao wa kliniki uliofika hadi vituo vidogo kabisa. Haya yote aliyasema kwa sauti ya chini, kama kawaida yake, na kabla hajamaliza babake na shangaziye walikuwa wamekwisha kurudi kwenye nauli na machela.

Mimi nilikuwa upande wa Nairobi, na sitaki kulificha hilo. Sababu yangu haikuwa daftari. Mtoto huyu ana pumu. Eldoret iko juu, zaidi ya mita 2,000, na asubuhi zake za Julai nazijua kwa sababu nilifundisha huko kabla ya kuolewa. Baridi yake inaingia kifuani kabla hujafunga vifungo. Inhela yake nimekuwa nikiikagua mwenyewe tangu akiwa darasa la pili. Mama akitaka kuisikia pumzi ya mwanawe kupitia ukutani, ni kosa gani?

Hata ndugu yangu aliye Minnesota alijitosa. Yeye alizikataa shule zote mbili. Alitaka mtoto apelekwe Marekani akasome primedi, na akatueleza, kwa picha ya WhatsApp iliyokuwa ikiganda kila baada ya sentensi, kwamba mtoto wa muumini mwenzake kanisani alikuwa akichagua kati ya Yale na Princeton. Binti yangu alikuwa amelisoma jambo hili kuliko mjomba wake. Kule, alitufafanulia, hakuna kutoka sekondari ukaingia udaktari. Unasoma kwanza shahada ya miaka minne katika fani yoyote, ukihakikisha umepita kwenye biolojia, kemia na fizikia. Primedi ni njia tu, haina cheti chake. Kisha unafanya mtihani wa MCAT, unaohesabiwa kuanzia alama 472 hadi 528. Kisha shule ya udaktari miaka minne, kisha mafunzo ya ubingwa yasiyopungua miaka mitatu. Vyuo kama Yale na Princeton huwalipia wanafunzi wa kigeni shahada ile ya kwanza kulingana na uhitaji wao, lakini katika shule za udaktari nafasi za wageni ni chache mno, na baadhi ya shule humtaka mgeni aweke mapema fedha za miaka yote benki. Wakenya wamewahi kupita njia hiyo. Dkt. Njoroge Mungai alihitimu udaktari Stanford mwaka wa 1957, akarudi, na nchi ilipopata uhuru akawa waziri wa afya. Ila yeye hakuwa na shule ya udaktari hapa nyumbani ya kuikataa.

"Na huyo wa kanisani," binti alimwuliza, "atachagua ipi, Mjomba?"

"Princeton."

"Lakini Princeton haina shule ya udaktari. Yale wanayo tangu 1810."

"Si lazima," akajibu ndugu yangu, akijivuna kidogo kwa mtoto asiye wake. "Shahada ya kwanza ni ya kukufundisha kufikiri. Hospitali utaikuta mbele."

Binti alinitazama. Hakusema neno, lakini nilimwona akiandika kitu kwenye daftari lake dogo.

Mpaka hapa msomaji ataona kwamba kila mmoja wetu alikuwa na hoja. Kitu kilichotukosesha usingizi ni kwamba siku zilikuwa zikienda, na kila jioni kiti kimoja zaidi kiliongezwa sebuleni. Mama mkwe, ambaye sisi sote humwita Susu, alipanda matatu kutoka Kangundo akaja kukaa "hadi mtoto apate shule." Mwanangu wa kidato cha pili akageuka mtabiri na kuanza kukusanya kura. Na mfumo wa KUCCPS ulikuwa ufungwe saa sita usiku wa Jumatano.

Hapa sharti niwaeleze habari ya maji, kwa sababu bila maji kisa hiki hakieleweki.

Mtaa wetu umepewa jina la Syokimau, mtabiri wa Wakamba anayesimuliwa kwamba aliona nyoka mrefu wa chuma akija kutoka pwani akitema moshi, miaka mingi kabla ya reli kufika. Susu hupenda kusema kwamba bibi yule aliona reli, akaona wageni, ila hakuona mfereji wenye maji. Ardhi ni ile nyeusi inayonata. Visima vya kuchimba hutoa maji ya chumvi yanayoacha ukoko mweupe kwenye sufuria. Ya kunywa na kupikia huletwa na boza. Kwa hiyo kila nyumba ina tangi la chini linalopokea, tangi la juu linalogawa, na pampu katikati. Letu la juu limekaa ndani ya paa, juu ya dari ya sebule. Maji yakijaa, boya huinuka na kuizima pampu. Boya likikwama, kuna bomba la kumwaga ziada nje, ukutani, upande wa jikoni. Fundi alituwekea vyote viwili, akatuhakikishia kwamba kimoja kikikosa kingine kitatuokoa.

Jumatano ile stima ilipotea mchana. Ilirudi saa mbili na nusu usiku, na pampu, kama ilivyo kawaida yake, ikajiwasha. Hakuna aliyeisikia. Tungeisikiaje? Sebuleni walikuwapo mume wangu na daftari lake, shangazi aliyetoka kazini akiwa bado na sare, Susu kwenye kochi la pembeni, mwanangu na karatasi yake ya kura, na ndugu yangu ndani ya simu iliyoegemezwa kwenye chombo cha sukari. Binti alikuwa mezani mbele ya laptopu, karatasi ya matokeo kando yake, ukurasa wa chaguo ukiwa wazi na mstari wa juu ukiwa mtupu. Shangazi alikuwa amefikia mgomo wa madaktari wa 2024, ule uliodumu siku 56, kuanzia Machi 14 hadi Mei 8. Alikuwa akisema kwamba mgomo ukija tena, heri umkute mtoto kwao kuliko umkute ugenini akila akiba. Mume wangu akaunga mkono kwa kusimama.

Kule juu, ukoko wa chumvi ulikuwa umeling'ang'aniza boya. Na bomba la ziada, kama fundi alivyokuja kutuonyesha kesho yake, lilikuwa limejazwa nyasi na ndege waliojenga kiota ndani yake, kazi nzuri, imesukwa hadi ndani kabisa.

Aliyeona kwanza ni Susu. Alikuwa ametulia muda mrefu akitazama juu, nasi tukadhani anaomba. "Nyumba hii," akasema kwa Kikamba, taratibu, "ina mimba." Tukainua macho. Ubao wa jipsamu juu ya meza ulikuwa umeshuka kama tumbo la ng'ombe aliyekaribia kuzaa, na katikati yake kulikuwa na duara la kahawia linalokua. Susu alinyoosha mkono, akaichukua karatasi ya matokeo mezani, akaikunja mara mbili na kuichomeka kifuani, ndani ya leso. Alikuwa bado anafunga fundo dari ilipopasuka.

Sijawahi kusikia maji yakishuka namna ile ndani ya nyumba. Yalikuja na jipsamu, vumbi la miaka, panya mmoja aliyekufa zamani, na baridi kali. Laptopu ililia mara moja ikazima. Simu yenye ndugu yangu ilielea kidogo mezani kabla ya kuzama ndani ya sukari iliyogeuka asali. Kisha taa zikalipuka, swichi kuu ikajikata, na sote tukawa gizani, maji yakiendelea kumwagika, kila mtu akiliita jina la kila mtu.

Mume wangu alipata njia ya kufika nyuma kuifunga pampu. Umeme ulikuwa umekatwa na maji yenyewe, lakini tangi lilikuwa bado linajitapika. Mwanangu alifungua mlango wa mbele ili maji yapate pa kwendea. Mimi nilimtafuta binti kwa mikono, nikampata, nikasikiliza kifua chake kwanza. Kilikuwa sawa. Shangazi akawasha tochi ya simu yake, akaishika kwa meno, akaanza kugawa ndoo, beseni na karai kama anayegawa vifaa vya upasuaji. Hapo nilimwona alivyo kazini, na niliona fahari kuwa wifi yake.

Tulijipanga kwenye mstari kutoka sebuleni hadi barazani. Binti anateka, mimi napokea, babake anamwaga, kijana anapiga deki nyuma yetu. Kazi ya namna hiyo humtuliza mtu. Hakuna anayeweza kuhutubia akiwa na beseni lililojaa mikononi. Kwa mara ya kwanza tangu matokeo yatoke, nyumba yetu ilikuwa kimya kiasi kwamba mtu mwenye sauti ya chini angeweza kusikika.

Nikamwuliza, nikipokea beseni, "Kwa nini Eldoret hasa? Si ya daftarini. Ya moyoni."

Akateka tena kabla ya kujibu. "Mama, mimi darasani hunyamaza. Wewe ni mwalimu, unajua. Ukumbini, tukiwa wengi, nitakaa nyuma, nitaandika kila kitu, nitapita mitihani yote, na nitatoka nimenyamaza vilevile. Nimeongea na waliosoma pale Moi. Mkiwa wachache mezani na kisa mbele yenu, usipofungua mdomo mgonjwa wa kwenye karatasi hapati jibu. Wanakungoja. Hawakuachi." Akanipa beseni. "Na nikibaki hapa nyumbani, mtaniongelea. Mnanipenda, mtaniongelea hadi nimalize."

Mkono wa mume wangu ulikuwa umekwisha kushika upande wa pili wa beseni. Hakulimwaga mara moja.

Ndipo Susu, aliyekuwa ameketi juu ya kochi na miguu ameipandisha, akasimulia jambo ambalo mwanawe mwenyewe hakuwa amelisikia. Miaka mingi nyuma aliumwa tumbo, akapelekwa hospitali, na daktari kijana, mwenye mikono safi na mizuri, alimpima vizuri, akaandika ukurasa mzima, akampa karatasi na kumwonyesha mlango. "Hakuwa mbaya," alisema. "Aliandika tu. Na mimi sijui kusoma. Nilirudi nyumbani na ugonjwa nisioujua jina, nikaumeza pamoja na dawa." Akaitoa karatasi ya matokeo kifuani, akaikunjua, ikiwa kavu kabisa. "Kama huko Eldoret watamfundisha huyu kuongea na mimi, mpelekeni. Kama ni Nairobi, mpelekeni. Lakini msimpeleke mahali atakapoandika tu."

"Mwaitu," mume wangu akamwita mamake, na akakosa la kuongeza.

Shangazi hakushindwa kirahisi, na sikutarajia ashindwe. Alisema, tochi ikiwa sasa mkononi, kwamba amewajua madaktari wengi waliotoka Nairobi ambao huketi kitandani mwa mgonjwa na kumsikiliza hadi zamu ikaisha, na ni kweli. Na kwamba mwaka wa mafunzo ya kazi hauangalii ulisomea wapi, wizara inakutuma itakako, Kitui au Lodwar. Hilo pia ni kweli. Akakumbusha jinsi serikali ilivyotaka kuwalipa madaktari wanagenzi shilingi 70,000 badala ya 206,000 za mkataba wa 2017, mvutano ambao ulikuja kupata suluhu Desemba 2024. "Hiyo kazi inahitaji mtu aliye karibu na watu wake," alisema, na sauti yake ikapasuka kidogo, nikaelewa kwamba alikuwa akisema habari za maisha yake mwenyewe, za usiku aliorudi nyumbani bila mtu wa kumwambia alichokiona.

Saa tano na dakika ishirini. Laptopu ilikuwa imekufa, simu ya binti imekufa, yangu ilikuwa na chaji lakini haina bando, na ya mume wangu hatukuijua iliko. Tuliikuta siku ya pili ndani ya kiatu. Iliyobaki ni ya shangazi, asilimia 15, nayo ndiyo tochi yetu. Ikabidi tuchague kati ya kuona na kuchagua shule. Shangazi akaizima tochi bila kuambiwa, akamkabidhi mpwa wake simu.

Tulikwenda wote hadi kibanda cha mlinzi getini, kwa sababu pale kulikuwa na balbu ya sola na mtandao ulishika vizuri. Mlinzi, mzee wa heshima anayejua siri za nyumba zote za mtaa, alituona tukija tumelowa, Susu mbele, akatoka kibandani bila kuuliza na kumpisha binti kwenye kiti chake. Shangazi alisoma nambari ya mtihani kutoka kwenye karatasi, tarakimu moja moja, akizirudia. Binti akaandika. Ukurasa ulifunguka, ukazunguka, ukagoma, ukafunguka tena.

"Nageuka," mume wangu akasema, na kweli akaugeuzia ukurasa mgongo, akatazama barabara. Nami nikageuka. Ndege ilikuwa ikishuka kuelekea uwanja wa Jomo Kenyatta, chini sana, taa zote zimewaka, na kelele yake ikafunika sauti ya vidole. Ilipopita, binti alisema, "Tayari." Moi juu, Nairobi ya pili, udaktari zote mbili. Chaji ilikuwa imebaki asilimia 4.

Bado naamini Nairobi ingemfaa. Nimelisema hili mbele yake na nalisema hapa, kwa sababu sipendi mzazi anayejifanya amekubali kwa moyo wote ilhali ameridhia tu. Kifua ni kifua, na baridi haijui ndoto za mtu. Lakini mimi ni mwalimu, na nimefundisha watoto wengi wanyamavu ambao tuliwasifu kwa utulivu wao, tukawapa zawadi siku ya wazazi, na hatukuwahi kuwasikia. Mtoto akikwambia mwenyewe mahali ambapo mdomo wake utafunguka, una kazi moja: kumnunulia blanketi. Nilinunua mawili, mazito, na inhela tatu, na nikamwandikia daktari wa huko barua ya kurasa mbili ambayo binti aliikataa katakata hadi nilipoipunguza ikawa moja.

Fundi wa dari alichukua wiki nzima, na ndugu yangu wa Minnesota, aliyeona dari ikishuka na picha ikakatika, alikuwa tayari ameanza kuwatafuta majirani zetu kupitia watu wa kanisani kwake akidhani tumekufa. Mume wangu alifungua ukurasa mpya wa daftari, akaandika Eldoret juu, bila safu ya pili, na akaanza kupiga simu kuulizia vyumba karibu na hospitali.

Majibu ya KUCCPS yalipotoka, alikuwa amepata Moi. Wiki chache baadaye simu ilinguruma asubuhi na mapema, ni shangazi. Dirisha la kuhamisha wanafunzi kutoka chuo kimoja hadi kingine lilikuwa limefunguliwa, alisema, na anamjua mtu anayejua namna ya kujaza ile fomu, na bado hatujachelewa, wifi, bado kabisa. Nilimpa binti simu. Binti alisikiliza kwa adabu, akasema "ndiyo Shangazi" mara kadhaa, kisha akampa Susu. Susu aliiweka simu sikioni upande usiofaa, akaigeuza, akamwuliza mwanawe amekula nini asubuhi hiyo, kisha akamwambia kwamba yeye amekwisha kununua sweta na muuza sweta hakubali kurudishiwa.